Urithi na Mazingira: Majibu kwa Wazazi Kuhusu Afya na Makuzi ya Mtoto

Mtoto akiugua mara kwa mara au akichelewa kukua, tatizo ni urithi au ni mazingira?

Mara nyingi ni vyote viwili, na havitenganishiki. Chukua ugonjwa uitwao fenilketonuria, ambao daktari wa Norway, Asbjørn Følling, aliueleza mwaka 1934. Mtoto huzaliwa na hitilafu katika jeni moja, na kwa sababu hiyo mwili wake unashindwa kuvunjavunja fenilalanini, sehemu ya protini iliyomo hata katika maziwa ya mama. Fenilalanini ikijikusanya kwenye damu huharibu ubongo. Lakini mtoto huyohuyo akipimwa damu ya kisigino siku chache baada ya kuzaliwa, akaanzishiwa lishe maalumu mapema na kuifuata, atakua na kusoma kama wenzake. Jeni imebaki na hitilafu yake. Kilichobadilika ni chakula. Kwa hiyo, mzazi anapoambiwa “hili amezaliwa nalo”, asikubali kwamba mazungumzo yameishia hapo.

Jeni ni nini hasa?

Ni vipande vya vinasaba vinavyobeba maelekezo ya kuujenga na kuuendesha mwili. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 za kutengeneza protini, zilizopangwa katika jozi 23 za kromosomu. Katika kila jozi, kromosomu moja hutoka kwa mama na nyingine kwa baba, kwa hiyo jeni nyingi tunazo nakala mbilimbili.

Mimi na mwenzangu ni wazima kabisa. Imekuwaje tukapata mtoto mwenye selimundu?

Kila mmoja wenu ana nakala moja nzima na moja yenye hitilafu, hali inayoandikwa AS kwenye majibu ya maabara. Nakala moja nzima inatosha, ndiyo maana hamkuwahi kuugua wala kushuku chochote. Mtoto akipokea nakala yenye hitilafu kutoka pande zote mbili anakuwa SS, yaani ana ugonjwa wenyewe, ambao wengi huuita sikoseli. Uwezekano wa hilo ni asilimia 25. Uwezekano wa kuwa kama ninyi ni asilimia 50, na wa kutokuwa na hitilafu kabisa ni asilimia 25. Hesabu hii huanza upya kila mimba inapotungwa. Wanaowaambia kwamba wa kwanza akishaugua watatu wanaofuata watakuwa salama wanawapa matumaini ya uongo.

Ualbino nao, kwa kawaida, hurithiwa hivyohivyo kutoka pande zote mbili. Lazima niliseme hili wazi, kwa sababu wapo akina mama wanaosimangwa na hata kuachwa baada ya kuzaa mtoto wa namna hii, ilhali baba amechangia nusu kamili, na hata yeye hakuchagua. Hakuna mwenye kosa hapo.

Ugonjwa wa kurithi maana yake hakuna la kufanya?

La kufanya ni jingi mno! Katika selimundu, bandama huharibika mtoto angali mdogo, na bakteria wa nimonia humshambulia kwa urahisi. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini ya kila siku ilipunguza maambukizi hayo makali kwa asilimia 84. Ongeza chanjo, kinga ya malaria pale ugonjwa huo ulipo, maji ya kutosha, na dawa ya haidroksiyurea kwa usimamizi wa daktari, inayopunguza vipindi vya maumivu. Ndiyo maana kumpima mtoto mapema, kabla hajaumwa, kuna maana kubwa sana.

Kwa mwenye ualbino, jua ndilo linaloleta saratani ya ngozi. Kofia pana, mikono mirefu, losheni ya kukinga jua na kivuli saa za jua kali humlinda. Shuleni akae mbele na apimwe miwani. Kinachomsumbua ni uoni hafifu, akili yake haina tatizo.

Mazingira huanza kumgusa mtoto lini?

Kabla mama hajajua kwamba ni mjamzito. Mrija wa neva, ambao ndio utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Usipojifunga sawasawa, mtoto huzaliwa na mgongo wazi au kasoro nyingine kubwa. Mwaka 1991, utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza ulifuatilia wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye tatizo hilo, na ukaonyesha kwamba asidi ya foliki ilipunguza kujirudia kwake kwa asilimia 72. Kwa hiyo wanawake hushauriwa kutumia mikrogramu 400 kila siku tangu kabla ya kushika mimba. Aliyewahi kupata mtoto wa namna hiyo anahitaji dozi kubwa zaidi, na hiyo apangiwe na daktari. Kliniki ya mwezi wa nne ina faida nyingine nyingi, ila kwa hili imeshachelewa.

Madini joto nayo ni muhimu tangu mwanzo. Yakikosekana, ubongo wa mtoto tumboni haujengeki vizuri, ilhali chumvi iliyowekwa madini hayo huzuia madhara yote hayo. Pombe haina kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito. Na dawa zisinunuliwe kiholela. Thalidomaidi ilitolewa kwa wajawazito kutuliza kichefuchefu hadi ilipoanza kuondolewa sokoni mwaka 1961, na inakadiriwa kwamba watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa na ulemavu kwa sababu yake. Hawakurithi ulemavu huo kwa yeyote.

Sisi wazazi ni wafupi. Mtoto wetu kuwa mfupi si urithi tu?

Huenda ikawa hivyo, ila msiridhike haraka. Penye lishe bora, takriban asilimia 80 ya tofauti za urefu kati ya watu hutokana na jeni. Hata hivyo, katika karne moja wanawake wa Korea Kusini waliongezeka urefu wa wastani kwa sentimita 20 hivi. Jeni za taifa zima haziwezi kubadilika kiasi hicho katika vizazi vichache. Kilichobadilika ni lishe, usafi na tiba. Pengine nanyi mlidumaa utotoni bila mtu kujua, na mkaja kuamini kwamba ufupi ni wa ukoo.

Angalieni kadi ya kliniki. Mtoto mdogo kwa umbo anayepanda sambamba na mstari wake mwezi baada ya mwezi kwa kawaida yuko salama. Wa kumtilia shaka ni yule ambaye mstari wake umelala au umeshuka. Hapo ulizieni lishe, kuhara kwa mara kwa mara, minyoo na maji anayokunywa. Udumavu hujijenga zaidi katika siku 1,000 za mwanzo, tangu kutungwa mimba hadi kutimiza miaka miwili, na kuurekebisha baada ya hapo ni kazi ngumu. Maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha chakula mchanganyiko huku akiendelea kunyonya, ndio msingi wa yote.

Kuna sumu gani za kuangalia nyumbani?

Moshi, uwe wa sigara au wa kupikia, na madini ya risasi. Kwa kiasi kilekile kilichomezwa, mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Inapatikana katika rangi za zamani zinazobanduka, vumbi la betri za magari zinazovunjwa au kuyeyushwa, na baadhi ya vyombo vya udongo vyenye ung’aavu. Hushusha uwezo wa akili bila dalili za wazi.

Ni kweli kwamba mazingira hubadilisha jeni?

Maandishi ya jeni kwa kawaida hayabadiliki, lakini alama za kikemia juu yake, zinazoamua jeni ifanye kazi kwa kiasi gani, zinaweza kubadilika. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, magharibi mwa Uholanzi palikuwa na njaa kali ya vita. Miaka 60 hivi baadaye, watu ambao mimba zao zilitungwa wakati huo walionekana kuwa na alama tofauti na za ndugu zao kwenye jeni inayohusika na ukuaji. Hilo halina maana kwamba lishe au dua fulani inaweza “kusafisha jeni”. Anayeuza tiba ya aina hiyo anawalaghai wazazi.

Na malezi, yanaweza kuathiri ubongo?

Sana. Nchini Jamaika, watoto 129 waliodumaa walifuatiliwa tangu miaka ya 1980. Baadhi walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili, mama akionyeshwa namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa na kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao. Walichopewa ni mazungumzo, nyimbo na vichezeo vya kutengeneza nyumbani, jambo ambalo baba pia analiweza.

Nimwone daktari lini, na nimweleze nini?

Usisubiri ikiwa mtoto hakai mwenyewe akiwa na miezi 9, hatembei akiwa na miezi 18, au amepoteza alichokuwa akikiweza, kwa mfano maneno aliyokwisha kuyajua. Hili la mwisho ni la kuwahi katika umri wowote. Nenda na kadi ya kliniki. Eleza magonjwa ya pande zote mbili za ukoo, watoto waliofariki wakiwa wadogo, kama wazazi ni ndugu wa damu, dawa alizotumia mama wakati wa ujauzito, na kazi zinazofanyika nyumbani au jirani. Mengi ya haya daktari hatayajua usipoyasema.