Je, kila Farao alizikwa na watumishi wake?

Wengi huamini kwamba Farao alipofariki, watumishi wake waliuawa wakamhudumie ahera. Kuna chembe ya ukweli, ila ni ya zamani mno. Kuzunguka kaburi la mfalme Djer kule Abydos, kusini mwa Misri, takriban mwaka 3000 KK, yapo makaburi madogo zaidi ya 300, na wataalamu wengi wanaona baadhi ya waliolazwa humo waliuawa kwa makusudi. Baada ya Nasaba ya Kwanza, yaani ukoo wa kwanza wa wafalme wa Misri, aliokuwamo Djer, desturi hiyo ilikoma. Wajenzi wa piramidi za Giza walizikwa kwa heshima, katika makaburi yao wenyewe.

Karne nyingi baadaye zikaja shabti: sanamu ndogo za mbao, mawe au kauri, zilizozikwa pamoja na marehemu. Maana ahera ya Wamisri ilikuwa na mashamba, na marehemu, hata mfalme, angeweza kuitwa akalime au kubeba mchanga. Shabti, kwa maneno yaliyoandikwa mwilini mwake, angeitika, “Mimi hapa!” Farao Tutankhamun alikuwa nazo 413: vibarua 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka, wanyapara 36 (naam, hata sanamu zilihitaji kusimamiwa) na wasimamizi 12 wa miezi. Mtu wa kawaida aliridhika na moja au mbili.