"Lakini Daktari, Jana Tu Ametaga!": Dhana Potofu Kuhusu Kuku Waliookolewa Vizimbani

Kauli hiyo naisikia karibu kila ninapoletewa kuku aliyetolewa kwenye vizimba vya shamba la mayai, naye yuko hoi, mkia umeshuka, macho yamefumba nusu. Mwenyewe huitoa kwa kujitetea: kuku anayetaga atakuwaje mgonjwa? Anakuwa. Tena kwa kuku hawa, mara nyingi kutaga ndiko kulikomfikisha mezani kwangu.

Kuku pori mwekundu, chimbuko la kuku wa kufugwa, hutaga mayai kama 10 hadi 15 kwa mwaka. Chotara wa kibiashara hutaga 300 au zaidi. Amechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa sifa kubwa moja, kwamba asiache. Basi haachi kwa sababu ana minyoo, wala kwa sababu amevunjika mfupa.

Hesabu yenyewe ni hii. Ganda la yai moja lina takribani gramu 2 za madini ya kalisi (kalsiamu), na hutengenezwa kwa saa 20 hivi, sehemu kubwa usiku, kuku akiwa kichanjani na utumbo umeshaanza kuwa mtupu. Sehemu ya kalisi ya saa hizo hutoka mifupani. Tetea ana tishu maalumu ya mfupa ndani ya mifupa yake, akiba ya kutengenezea ganda. Anapotaga mfululizo, mwili hujaza akiba hiyo na kuacha kujenga upya mfupa unaobeba uzito wake. Miezi ikipita, mfupa huo hukonda, huku mayai yanaendelea kutoka kama kawaida.

Mkamateni, mpitishe vidole juu ya mfupa wa kidari kutoka mbele kwenda nyuma. Ukinyooka, vizuri. Mkikuta donge, au mfupa umepinda kama herufi S, hapo huenda palivunjika na pakaunga penyewe, bila mtu kujua. Katika makundi mengi yaliyochunguzwa mwishoni mwa kipindi cha kutaga, zaidi ya nusu ya kuku walikutwa wamevunjika mfupa huo. Hao ni kuku waliokuwa kazini.

Kisha shikeni tumbo, chini ya njia ya kutagia. Likiwa limejaa na linatikisika kama puto la maji, kuku anasimama wima na kutanua miguu, msisubiri yai la kesho. Huenda viini vinadondokea tumboni badala ya kuingia kwenye mrija wa mayai, na maambukizi yamefuata. Ukurasa wa daftari la mayai ambao mnaniletea kwa fahari hautanionyesha hilo. Nileteeni daftari la uzito. Mpimeni kila wiki, saa ileile.

Kinachonikera kuliko vyote ni taa. Watu wamemtoa kuku kwenye jengo lililowashwa taa saa 16 kwa siku, halafu wanamfungia balbu bandani ili "asikose mwanga", yaani asiache kutaga! Zimeni. Kuku akipukutisha manyoya na kufunga kutaga, ndipo mwili unapopata nafasi ya kurudishia mfupa ulioliwa. Mtu hunipigia akiwa na hofu: wiki sita hakuna yai, anakula, anachakura, anaoga vumbi. Mimi humpa hongera. Kwa yule ambaye kila yai linamuumiza, kuna kipandikizi cha deslorelini, homoni inayosimamisha kutaga kwa miezi kadhaa. Muulizeni daktari wenu kama kinaruhusiwa mlipo.

Na kama anataga, wekeni vipande vikubwa vya magamba ya kombe kwenye chombo chake, jioni kabla hajapanda kulala. Vipande, si unga. Vikubwa hukaa kwenye firigisi na kutoa kalisi polepole usiku kucha; unga hupita upesi. Msivichanganye kwenye chakula, kila kuku ajichukulie anachohitaji.

Mengine kwa haraka.

"Hawa wameshaacha kutaga, ndiyo maana wakaondolewa." Hapana. Wengi huondolewa wakiwa na umri wa wiki 72 hadi 100 kwa sababu utagaji umepungua na maganda yamekuwa dhaifu, hesabu ya mwenye shamba hailipi tena.

"Vizimba vilishapigwa marufuku, wa siku hizi ni wazima." Umoja wa Ulaya ulikataza vizimba vitupu kuanzia Januari 2012, lakini vizimba vyenye kichanja na kiota, sentimita za mraba 750 kwa kuku, vilibaki halali. Hata anayetoka kwenye banda la sakafuni ni chotara wa nasaba ileile.

"Hana manyoya, nimfumie sweta." Sweta hushika unyevu, huficha utitiri na kumzuia kujichambua manyoya. Mpeni banda kavu lisilopitisha upepo, na protini. Mkate hauna protini ya kutosha kuotesha manyoya, mahindi vilevile. Chakula cha kuku wa mayai kiwe ndicho mlo, na kiwe cha unga kwanza, maana ndicho wengi wao wanachokijua.

"Kichanja kirefu kitamfurahisha." Kitamvunja. Kiwe chini, anakofika kwa hatua moja, mpaka miguu ipate nguvu.

"Atazoeana na wenzake akitiwa tu humo." Mtengeni wiki tatu au nne, mchunguzeni minyoo na utitiri, kisha waonane kupitia wavu kabla ya kuchanganywa. Mgeni mwenye mgongo mtupu hudonolewa mpaka damu, na damu huwaita wengine.

"Anahitaji jogoo ili atage." Yai halimhitaji jogoo. Akimpanda kuku asiye na manyoya mgongoni, kucha zinamchana ngozi, na nimeshashona za kutosha.