Je, wajua kwa nini mahali pasipo na taa huenda bado pakakosa nyota?

Umetoka mjini, umefika palipo pweke pasipo na taa hata moja, lakini ukiinua macho nyota ni za kuhesabika. Tatizo si macho yako. Mwanga wa mji hupanda angani, hukutana na hewa, vumbi na unyevu, ukatawanyika pande zote na sehemu yake ikarudi chini. Kwa hiyo mji mkubwa huweza kuonekana kama weupe kwenye upeo wa macho hata ukiwa umbali wa kilomita 100.

Hata hivyo, weupe huo hufifia upesi. Katika miaka ya 1970 mwanaastronomia Merle Walker alipima anga karibu na miji ya California, Marekani, na kanuni aliyoipata yaonyesha kwamba ukiuzidisha umbali mara mbili, mng'ao wa mji hupungua zaidi ya mara tano. Kutoka kilomita 20 hadi 40 ni safari fupi yenye faida kubwa sana.

Umbali peke yake hautoshi. Tazama na upande. Kitovu cha Njia Nyeupe, ule ukanda hafifu wa nyota uvukao anga, kiko kwenye kundi la nyota la Mshale (Sagittarius), na wakazi wengi wa kaskazini mwa dunia hukiona upande wa kusini. Kwao heri kukaa kusini mwa mji, mng'ao ubaki mgongoni. Watu wengi husahau jambo hili, nami naliona kuwa muhimu kuliko darubini ya bei.

Utajuaje kuwa umefika penye giza la kweli? Mwaka 2001 mtazama nyota Mmarekani John Bortle alitunga kipimo chenye ngazi 9, kuanzia giza kamili hadi katikati ya jiji. Katika ngazi ya 1, Njia Nyeupe yenyewe huweza kutupa kivuli hafifu ardhini! Ushahidi mwepesi zaidi ni mawingu: karibu na mji hung'aa kwa chini, lakini penye giza halisi huwa meusi, kama matundu kati ya nyota. Hesabu pia nyota za Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota. Ukiona nyota sita au saba kwa macho matupu bila taabu, anga ni nzuri.

Ramani za mwanga zitokanazo na picha za setilaiti husaidia kuchagua eneo, na zipo bure kwenye intaneti. Chagua usiku usio na mwezi, kisha yape macho dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Ukiwasha simu mara moja tu, unaanza upya. Taa nyekundu hafifu haisumbui sana. Mahali penyewe pakague mchana, ujue mashimo yako wapi, na umwombe ruhusa mwenye ardhi.