Kuvua mwambani Dar es Salaam: yanayosemwa na yaliyo kweli

Huhitaji chombo ili uvue Dar es Salaam. Kuna miamba ya Coco Beach, ya rasi ya Msasani, ya Kunduchi, na ng'ambo Kigamboni kuanzia Mjimwema kushuka kusini. Ni matumbawe ya kale yenye makali ya kuchana kandambili, na siku za bamvua, yaani za maji makubwa, bahari hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Wanaokuja na mshipi mwisho wa wiki ni wengi, na nafurahi kuwaona. Ila wengi huja na maneno ya vijiweni, na baadhi ya maneno hayo yanaua.

"Ukiona maji yanarudi, muda wa kutoka upo"

Hili ndilo baya kuliko yote. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa 6 na dakika kama 12, lakini maji hayaji kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa kimo chote mafungu 12: saa ya kwanza huingia fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua siku ambayo tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 3.6. Saa ya kwanza maji yamepanda sentimita 30, unaona huna haraka. Saa ya pili yanaongezeka 60. Saa ya tatu peke yake yanaongezeka 90, yaani sentimita moja na nusu kila dakika. Anayeanza kukunja mshipi wakati huo amechelewa.

Tena hayaji kwa mbele unakotazama. Kati ya mwamba wa nje na mchanga mara nyingi kuna bonde, na maji hupenya kwenye milango ya mwamba yakalijaza bonde hilo kwanza. Wewe macho yako kwenye mshipi, mwamba miguuni mkavu, kumbe nyuma maji yamefika kiunoni na yana mkondo. Kabla sijatupa chambo huchagua jiwe moja kule bondeni, nyuma yangu. Maji yakiligusa nakusanya vitu vyangu, hata kama samaki ndiyo kwanza wanakula. Ukishazingirwa usibebe chochote: ndoo na fimbo vinanunulika. Kama njia haivukiki tena, panda sehemu ya juu kabisa ya mwamba na upige 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji, mapema.

"Jana saa hizi palikuwa pakavu"

Jana si leo. Kila siku maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Siku za bamvua hapa Dar maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na hujaa karibu saa 10 jioni. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, yaani siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo, mambo yamegeuka: saa 4 ile ile maji yamejaa. Bamvua huja siku moja mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, na bamvua kubwa zaidi huwa Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba. Tazama jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam kabla ya kutoka nyumbani.

"Samaki wanapatikana maji yakikauka, na maji mafu hayana kitu"

Maji yakipwa kabisa, sehemu kubwa ya mwamba haina hata mahali pa samaki kuogelea. Tasi na changu huingia na maji yanayojaa, wakitafuta mwani na kaa wadogo, na kolekole huwafuata samaki wadogo. Saa za kupwa kwa bamvua mimi huzitumia kutazama: mashimo yako wapi, mlango wa mwamba uko wapi, jiwe gani linanasa ndoana. Kisha nasimama juu, kwenye mwamba ulioungana na nchi kavu, nikisubiri maji yaje.

Maji mafu nayo yanadharauliwa bure. Tofauti ya kupwa na kujaa ni kama mita 1 tu, mkondo ni mdogo, na chubwi nyepesi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, inakaa chini bila kuburutwa. Anayejifunza aanze siku hizo. Wala asihangaike kutupa mbali. Chewa hukaa kwenye mapango, pengine chini kabisa ya miguu yake.

"Bahari imetulia"

Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, takriban Aprili hadi Oktoba, mawimbi makubwa huja kwa makundi, na kati ya kundi na kundi bahari hudanganya. Simama juu robo saa utazame. Mwamba uliolowa, au wenye ute wa kijani, umeshakuonyesha wimbi linafika wapi.

"Bahari ni ya Mungu, popote unavua"

Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975. Huko uvuvi hauruhusiwi, hata wa ndoana moja.

"Bunju ukimchuna na kumchemsha sana, sumu inaisha"

Haiishi. Sumu ya bunju, yule samaki anayejivimbisha, huitwa tetrodotoksini; hukaa zaidi kwenye ini na mayai, pia kwenye ngozi, na moto wa jikoni hauiharibu. Huanza kwa ganzi ya midomo na ulimi, kisha misuli ya kupumua inalegea, na dawa ya kuizimua haipo. Mgonjwa akimbizwe hospitali asaidiwe kupumua. Bunju akinasa, kata mshipi umrudishe majini. Usimwache mwambani, watoto wanaookota samaki pale hawamjui.