Amri za Muda Kesi ya Talaka Ikiendelea

Kondele, hapa Kisumu, utasikia ikisemwa kwamba mume na mke wakishafika mahakamani kwa talaka, hakuna awezaye kudai matumizi wala kuuliza habari za nyumba hadi hukumu isomwe. Sivyo. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 kinairuhusu mahakama kuamuru mmoja amtunze mwenzake hata kesi ikiwa bado inasikizwa, na kifungu cha 12 cha Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 kinakataza kumfukuza mwenzi katika nyumba ya ndoa bila amri ya mahakama, hata kama hati ya umiliki ina jina la mmoja tu. Kubadilisha kufuli usiku, jambo ambalo wengi hulidhania kuwa haki ya mwenye hati, hakuna msingi kisheria.

Amri ya muda, yaani ile inayotolewa kabla ya hukumu, huombwa kwa ombi linaloambatana na hati ya kiapo (maelezo ya maandishi yaliyoapiwa kuwa ni kweli), na hapo ndipo risiti za karo, kodi na dawa zinapokuwa na uzito kuliko machozi. Amri yenyewe haiamui nani alikosa, na yaweza kubadilishwa hali ikibadilika. Kuhusu watoto, hutazamwa kwanza maslahi yao.