Kirsch haiingii kwenye oveni

"Dada, wewe weka tu. Si pombe yote inaungua kwenye oveni?"

Nimeisikia tena juzi, safari hii kwa mama aliyekuja kuagiza Black Forest, ile keki ya chokoleti, krimu na cheri, ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe wa miaka sita. Nilikuwa nimemuuliza kama anataka ya asili, yenye kirsch, ile pombe kali ya cheri, au isiyo na kileo. Alitaka ya asili, na jibu la oveni alikuwa nalo tayari.

Haiungui, kwa sababu haifiki kwenye oveni. Sponji inaokwa, inapoa kabisa, inakatwa matabaka matatu, ndipo kila tabaka linaloweshwa kwa kirsch na shira. Nyingine inatiwa kwenye krimu. Baada ya hapo hakuna moto tena. Keki yangu ya sentimita 26 hunywa mililita 90 nami huikata vipande 12. Piga hesabu: kila kipande kina kijiko cha chai kimoja na nusu cha kinywaji chenye alkoholi asilimia 40. Mtu mzima hatalewa, lakini usimlishe mtoto, Mwislamu, wala mtu aliyeacha pombe bila kumwambia. Na hata chakula kinachochemka na pombe robo saa, karibu asilimia 40 ya alkoholi bado imo.

Halafu kuna wanaodhani kirsch ni shira nyekundu tamu. Ni cheri zilizochachushwa zikakenekwa, yaani mvuke wake ukapozwa ukawa kinywaji. Ni nyeupe kama maji na haina utamu. Ukiuziwa chupa nyekundu inayonata, umeuziwa kitu kingine. Ujerumani, miongozo ya vyakula inataka ladha ya kirsch isikike ndipo keki iitwe Schwarzwälder Kirschtorte, jina la Kijerumani la Black Forest. Kwa hiyo usiyetaka kileo, chemsha juisi ya cheri mpaka ibaki nusu, ikamulie ndimu, loweshea sponji. Utapata keki tamu ya chokoleti na cheri, na mimi huiuza kwa jina hilohilo, keki ya chokoleti na cheri. Esensi ya ramu sitaki hata kuisikia jikoni kwangu.

Cheri zenyewe nazo zina kesi. Watu wanaweka tatu za kung'aa juu, ndani jemu ya stroberi, basi. Zinazotakiwa ni cheri chachu za chupa, zile Wajerumani wanazoita Schattenmorellen, na nyingi zinakaa ndani. Zichuje, pika robo lita ya juisi yake na gramu 30 za konflawa hadi iwe nzito, rudisha cheri, acha zipoe. Bila ule uchachu, krimu inakinaisha kwenye kipande cha kwanza.

Beking pauda? Haina kazi hapa. Sponji hii inainuliwa na mayai: piga mayai sita na sukari hadi mchanganyiko ukidondoka uache utepe juu, kisha chekechea unga na kakao, ukunje kwa mwiko taratibu. Usizubae tu, maana mafuta ya kakao yanashusha povu.

Krimu ya unga wa pakiti inasimama vizuri, nakubali, ila inaacha utando wa mafuta mdomoni. Tafuta krimu ya maziwa yenye mafuta asilimia 30 au zaidi, bakuli na krimu vyote vitoke kwenye friji. Kwa joto la Dar ongeza jelatini kidogo. Mimi hununua jelatini ya ng'ombe, si ya nguruwe.

Na la mwisho, kwamba keki hii ilizaliwa katika Msitu Mweusi wa Ujerumani, ndio hiyo Black Forest. Mpishi wa keki Josef Keller alidai aliitengeneza mwaka 1915 huko Bad Godesberg, pembeni mwa Bonn. Wengine humtaja Erwin Hildenbrand wa Tübingen, 1930. Hakuna hata mji mmoja kati ya hiyo ulio ndani ya msitu huo. Kinachojulikana sana kutoka huko ni kirsch, ndiyo maana naing'ang'ania.

Yule mama mwishowe alichukua isiyo na kileo. Akiwa mlangoni akageuka: "Lakini zile cheri za kung'aa juu utaniwekea, eti?"

Nilimwekea 12.