Je, wajua kwa nini kipimo cha sonona ya uzazi hakimuulizi mama kama amechoka?

Mdogo wangu alijifungua mtoto wake wa kwanza mwezi wa kumi, tukampeleka kwa mama Mikindani akamalizie arobaini yake kama kawaida, anakandwa maji ya moto asubuhi na jioni, uji wa pilipili manga haukosekani, mumewe yuko Tandahimba maana ndo msimu wa korosho wenyewe. Wiki ya tatu nikaenda kumwona, nikamuuliza umechoka eeh? Akasema nimechoka dada. Nikaridhika kabisa na hilo jibu nikaanza kumbeba mtoto. Kumbe swali langu lilikuwa la bure, nitajie mzazi wa wiki tatu ambaye hajachoka.

Na shida yenyewe iko hapo hapo. Sonona (huku kwetu tunasema tu "ana mawazo") haina kipimo cha damu wala picha ya mashine, inapimwa kwa maswali, na maswali ya kawaida yanahusu usingizi, hamu ya kula, nguvu za mwili. Kwa mtu mwingine yako sawa tu. Sasa mpelekee mama kijacho wa miezi nane: usiku anaamka kukojoa mara nne, chakula kinamshinda, mgongo unauma, nguvu hana, basi kwa maswali hayo wajawazito wote wataonekana wanaumwa. Au inageuka upande wa pili, ambao mi naona ndo mbaya zaidi, anayeumwa kweli anaambiwa hiyo ni mimba tu itaisha.

Mwaka 1987 ndo John Cox, Jenifer Holden na Ruth Sagovsky wakatoa kipimo cha kukwepa huo mtego, kimepewa jina la mji wa Edinburgh kule Scotland. Ila usikimbilie kusema ni mambo ya wazungu, maana huyo Cox kabla ya hapo alifanya kazi Uganda miaka ya 1970, akafuatilia wajawazito na wazazi wa vijijini, na akakuta Waganda wana jina lao kabisa la kuchanganyikiwa kwa mzazi, amakiro, ambayo watu walikuwa wanaihusisha na uzinzi wakati wa mimba. Yaani kuumwa unaumwa wewe, na lawama unabeba wewe. Sidhani kama hata huku Kusini hiyo ni ngeni, sisi tutasema mashetani au atasemwa anadeka.

Kipimo chenyewe kina maswali 10 tu, kila moja lina majibu manne ya alama 0 mpaka 3, jumla 30, na yanahusu siku 7 zilizopita. Uchovu haumo, hamu ya kula haimo. Swali la kwanza ni kama bado unaweza kucheka na kuona la kuchekesha. La pili kama kuna kitu unakingojea kwa furaha. Afu kujilaumu bila sababu, wasiwasi, hofu ya ghafla, mambo kukuzidi, huzuni, kulia. Usingizi umeulizwa mara moja tu na kwa ujanja, je umekosa usingizi *kwa sababu ya kukosa raha*? Kukeshwa na mtoto hakuhesabiki, kinachotafutwa ni mtoto amelala fofofo na wewe macho kodo unaangalia bati.

Wengi wanatumia alama 13 kwenda juu kama dalili ya sonona, wengine wanaanza kukuangalia kwa karibu toka 10. Lakini alama sio jibu la mwisho jamani. Zikiwa juu dokta anakaa na wewe: hali imedumu wiki mbili, karibu kila siku? Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu, kimojawapo kipo? Ulishawahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi bila hata kulala? (Hili ni muhimu, maana dawa ya sonona peke yake inaweza kumvuruga mtu wa hivo.) Nyumbani unapigwa? Na damu nayo inapimwa, ila kutafuta vingine, upungufu wa damu na tezi ya shingo vinaweza kumfanya mtu awe mnyonge vilevile.

Hizo wiki mbili zina sababu yake. Wazazi wengi sana wanalialia siku ya tatu mpaka ya tano, maziwa yanaingia, homoni zimeshuka ghafla, na inapita yenyewe ndani ya wiki mbili. Isipopita sio tena kulialia kwa uzazi. Halafu karibu nusu ya sonona tunazoziona baada ya kujifungua zilikuwa zimeanza mtoto bado yuko tumboni, kwa hiyo kuuliza kuanzie kliniki ya wajawazito.

Swali la 10 linahusu kufikiria kujidhuru, na hapo hakuna cha kujumlisha: jibu lolote zaidi ya "hapana kabisa" linafuatiliwa siku hiyo hiyo hata kama jumla ni 4. Na mzazi akianza kusikia sauti, kuongea yasiyoeleweka, halali siku mbili na wala hasikii usingizi, hiyo ni dharura nyingine kabisa (mmoja au wawili kwa kila wazazi 1,000), asipelekwe kupungwa, apelekwe hospitali usiku huo huo, Ligula pale Mtwara, Sokoine pale Lindi, popote palipo karibu.

Kitu kingine, mama anatakiwa ajibu mwenyewe, asiyejua kusoma nesi anamsomea, lakini faragha. Mkwe akiwa amekaa kwenye benchi pembeni, nani atasema hana raha?

Mi niliporudi Mikindani wiki iliyofuata nilisubiri mama atoke kuchota maji ndo nikamuuliza mdogo wangu mara ya mwisho kucheka ni lini. Akakaa kimya muda mrefu, mpaka nikaanza kuogopa. Afu akasema, "Dada, yule mbuzi wa jirani jana kaingia jikoni kanywa uji wangu wote wa pilipili, akawa anapiga chafya. Na hiyo inahesabika?"